Siku kioo kilipotoka na ukungu

Fedha za upanuzi wa kituo cha taifa cha falaki zilipotoka pungufu, orodha ya vifaa ilibidi ikatwe. Kuba jipya halikuguswa, wala darubini ya mita 2. Kilichofutwa ni mstari mmoja tu: mtego wa baridi wa nitrojeni ya kimiminika, yaani uso wa baridi kali unaogandisha mvuke, kwa ajili ya tangi lisilo na hewa la kupaka vioo alumini. Hoja ilikuwa kwamba pampu mbili zingetosha kuondoa hewa.

Kabla ya kuhatarisha kioo kipya, tangi lilijaribiwa kwa kioo cha mita 1 cha darubini ya zamani. Alumini chakavu iliyeyushwa kwa asidi ya haidrokloriki na mrututu, kisha kioo kikasuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Maji yalitelemka kama shuka moja bila kukatika, dalili kwamba hakuna mafuta hata ya alama ya kidole. Vipande vya alumini vikatundikwa kwenye koili za tangsteni, ambazo zikiwashwa huigeuza alumini kuwa mvuke unaotua juu ya kioo, mlango ukafungwa.

Shinikizo lilishuka vizuri hadi karibu sehemu moja kwa elfu moja ya milibari, likagoma. Tulihitaji sehemu moja kwa laki moja. Ili kutafuta mvujo, spiriti ilipakwa kwenye kila kiungo, na kipimo cha shinikizo hakikuruka. Tukafunga vali ya pampu: shinikizo likapanda, kisha likatulia. Tundu lingelipandisha moja kwa moja bila kusita. Kwa hiyo haukuwa mvujo, ulikuwa mvuke wa maji. Ulikuwa msimu wa mvua na tangi lilishinda wazi tangu asubuhi; kuta za chuma zilikuwa zimenywa unyevu.

Hapo ndipo tulipaswa kusimama. Ratiba ilibana, koili zikawashwa. Katika shinikizo lile atomu ya alumini husafiri sentimita chache tu kabla ya kugonga molekuli nyingine, na maji huiharibu kuwa oksidi njiani. Kioo kilitoka na ukungu wa maziwa, na utepe wa gundi ulipobandikwa na kuvutwa, utando wa alumini ukaja nao. Utando wenyewe ni nanomita 100 hivi, kwa hiyo hauna nafasi ya kuvumilia uchafu.

Kazi ilianza upya yote. Safari hii, badala ya mtego uliofutwa, bomba la shaba lilipindwa koili karakanani, likafungwa ndani ya tangi na kupitishiwa nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mvuke uliganda juu yake, na shinikizo lililokuwa limegoma likashuka hadi tulipotaka. Utando ukatoka unang'aa, utepe ukabanduka mtupu.

Bado naona uchungu kwamba ilibidi kuharibu kwanza. Wanaogawa fedha huona kipenyo cha kioo tu. Ni kweli, kipenyo kikiongezwa mara 2, mwanga huongezeka mara 4, na gharama hupanda zaidi ya mara 5. Lakini ndani ya darubini mwanga huakisiwa na vioo viwili. Kila kimoja kikiakisi asilimia 90, hubaki asilimia 81. Vikishuka hadi 80, hubaki 64. Darubini ya mita 2 iliyolipiwa kwa tabu hiyo huwa sawa na ya mita 1.78.

Mwaka uliofuata ule mstari ulirudi kwenye maombi ya fedha, na hesabu hiyo ikaandikwa pembeni yake.