Kutikisa kihisi kwa mota ya stepa

Anayejaribu kihisi cha mchapuko, yaani kinachopima jinsi mwendokasi unavyobadilika, anahitaji mtetemo ambao thamani yake inajulikana kabla, ili alinganishe kilichosomwa na kilichopaswa kusomwa. Mota ya stepa, inayozunguka hatua ndogo moja baada ya nyingine, yenye nyuzi 1.8 kwa hatua humaliza mzunguko kwa hatua 200, na draiva, saketi inayoiendesha mota, ikigawa kila hatua mara 16, hatua hizo huwa 3,200. Skrubu inayozungushwa na mota ikisogeza meza iliyobeba kihisi milimita 8 kwa mzunguko, kila milimita hugharimu palsi 400, yaani mipigo ya umeme ambayo kila mmoja huleta hatua moja ndogo.

Tuseme meza iende milimita 2 kila upande, mara 5 kwa sekunde, kwa wimbi la sini, yaani ikienda na kurudi kwa ulaini kama pendulo. Ikipita katikati, mwendokasi wake hufika karibu milimita 63 kwa sekunde, yaani palsi 25,000 na ushei kila sekunde. Kwenye ncha, mchapuko hufika mita 1.97 kwa sekunde mraba, takriban moja ya tano ya ule wa mvutano wa dunia. Wengi hutafuta muda kati ya palsi kwa kugawa moja kwa mwendokasi, lakini kwenye ncha mwendokasi ni sifuri na hesabu hugoma. Mimi hupendelea taima iiamshe programu mara 50,000 kwa sekunde, isome kwenye jedwali la sini mahali meza inapopaswa kuwa, na itoe palsi pale tu hatua inapodaiwa.

Kwa macho, mwendo huo ni laini kabisa. Kihisi hakidanganyiki hivyo, kwa sababu mchapuko hukua kwa mraba wa idadi ya mitetemo kwa sekunde: mtikisiko wa maikromita 1 tu kila upande, ukijirudia mara 500 kwa sekunde, huzaa mita 9.87 kwa sekunde mraba, mara tano ya mchapuko tulioukusudia. Mitikisiko ya namna hiyo hutoka kwenye hatua zenyewe, ambazo draiva haizigawi kwa usawa kamili. Baya zaidi, kihisi kinachosomwa mara 100 kwa sekunde bila kuchujwa kwanza, yaani bila kuondolewa mitetemo ya haraka, kitauonyesha mtikisiko wa 505 Hz (mara 505 kwa sekunde) kana kwamba ni wa 5 Hz, juu kabisa ya ishara tunayoitafuta, na hapo hakuna hesabu ya baadaye itakayovitenganisha. Ndiyo maana kusoma kwa kasi kubwa na kuchuja mapema ni muhimu kuliko kuongeza mgawanyo wa hatua.

Nati iliyolegea kwenye skrubu nayo huigandisha meza kidogo inapogeuka, palepale mchapuko unapokuwa mkubwa. Nati mbili zinazosukumana kwa springi huondoa sehemu kubwa ya kasoro hiyo.

Kwa 5 Hz na zaidi, naona heri kranki, mkono mfupi unaozungushwa na mota na kuisukuma na kuivuta meza, badala ya skrubu. Mota huzunguka mara 300 kwa dakika bila kugeuza mwelekeo, palsi zake ni 16,000 kwa sekunde kwa nafasi sawa, na kranki ya milimita 2 yenye konrodi (fimbo inayoiunganisha na meza) ya milimita 100 huongeza kwenye mchapuko wimbi la 10 Hz lenye ukubwa wa asilimia 2 tu, ambalo hesabu yake inajulikana na linaweza kutolewa.