Namba zilizokuwa mfukoni mwake

Meta, wenye Facebook, walitangaza Mei 2024 kwamba wanaifunga Workplace, mtandao wao wa mawasiliano ya ndani ya kampuni, na tangu hapo kila baada ya muda kuna mtu ananitafuta. Wiki hii ni rafiki yangu ambaye kampuni yao iliutegemea mfumo huo kwa mawasiliano yote ya wafanyakazi. Wanahamia kwingine, na bosi wao anauliza wafanye nini ili safari hii wafanyakazi waupende mfumo mpya na wautumie. Nilianza kumjibu, nikajikuta namuwaza yule mama wa ghala. Acha niandike habari zake kwanza.

Nilikuwa bado kitengo cha mawasiliano cha kampuni yetu. Tovuti ya ndani tuliyoirithi ilikuwa imejengwa na watu walioondoka siku nyingi. Kila idara ilipewa kona yake, ikapakia mafaili yake, ikasahau. Menyu ilifuata mpangilio wa vyeo, kwa hiyo ukitaka fomu ya likizo ilibidi kwanza ujue fomu hiyo ni mali ya idara gani, kisha kitengo gani ndani ya idara hiyo. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha ya mkurugenzi na salamu zake za mwaka mpya, mwaka ambao ulikuwa umeshakwisha. Kompyuta za ofisini zilitegeshwa ziufungue ukurasa huo zenyewe kila asubuhi, watu wakaufunga papo hapo, na kwenye ripoti za TEHAMA kila mfunguo ulihesabiwa kuwa mtu ametembelea. Kwa ripoti hizo, tovuti ilikuwa inatumika sana.

Uongozi ulipokubali tuibadilishe, vikao vya mwanzo vyote vilikuwa juu ya ushiriki: alama za kupenda, maoni, picha za wafanyakazi, mashindano ya kila mwezi. Nilipinga tangu mwanzo. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika juu ya kanuni ya 90-9-1, kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni, kwa kila watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye huandika sehemu kubwa ya yanayoonekana. Nikawaambia tukipima kwa maoni, tutakuwa tunawapima wasemaji walewale wachache huku tukidhani tumewasikia wafanyakazi wote. Niliomba kitu kimoja tu: kabla hatujanunua chochote, turuhusiwe kukaa kando ya watu wakiwa kazini, tuwatazame wanavyotafuta vitu. Niliruhusiwa, shingo upande.

Ofisini hatukuona jipya. Watu walihifadhi nakala za fomu kwenye kompyuta zao, wakatumiana kwa WhatsApp, na fomu nyingine zilikuwa zimepitwa na wakati. Ghala ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Ghala zima lilikuwa na kompyuta moja, juu ya meza ya chuma karibu na mlango wa kupakilia, kibodi imefunikwa plastiki kwa ajili ya vumbi. Aliyeitumia zaidi ni karani wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Alinivutia kiti.

"Karibu mwanangu. Umekuja kutupima?"

"Hapana mama, nimekuja kuupima mfumo."

Akavaa miwani. Nikamwomba atafute fomu ya likizo. Akaandika "likizo" kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi mojamoja, kwa kidole kimoja. Majibu yakajaa skrini: muhtasari wa kikao cha zamani, tangazo la sikukuu, faili ambalo jina lake lilikuwa tarakimu tupu, waraka uleule mara tatu kwa tarehe tofauti. Fomu yenyewe haikuwemo, maana aliyeipakia aliipa jina la "RW-07 mpya", na neno likizo hakuliandika popote. Akabofya jibu la kwanza. Mfumo ukamtaka aingie upya. Akaweka nywila, ikakataa. Ilikuwa nywila ya ghala zima, na mtu wa zamu ya mchana alikuwa ameibadilisha. Maandishi mekundu yakamwelekeza aandike barua pepe kwa dawati la msaada.

"Barua pepe ya kampuni sina, mwanangu. Sisi wa huku hatukupewa."

Nilikuwa bado naandika hayo simu yake ilipoita. Alikuwa dereva, yuko mbali. Mzigo wake umekataliwa kwenye geti la mteja kwa sababu hati ina kosa, na anataka kujua usiku ule ampigie nani. Mama hakuitazama kompyuta. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani wa sare yake, akatoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo ilikuwa imeanza kukatika, ameiunga kwa selotepu upande wa nyuma. Akaitandaza juu ya kibodi.

Zilikuwa namba za simu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, kalamu ya bluu, masahihisho kwa nyekundu. Hakuzipanga kwa idara wala kwa alfabeti. Alizipanga kwa shida. Gari limeharibika. Hati imekosewa. Mtu ameumia. Mshahara haujaingia. Funguo zimepotea. Chini ya kila shida kulikuwa na majina mawili au matatu, na pembeni ya majina vialama vyake mwenyewe. Baadaye alinifafanulia kimoja kimoja: huyu hupokea hata usiku wa manane, huyu usimpigie kabla hajafika kazini, huyu alihama kitengo lakini bado ndiye anayejua. Kidole chake kilishuka mpaka "Hati imekosewa". Akamsomea dereva namba, akairudia polepole, akamalizia: "Mwambie nimekutuma mimi." Akakunja karatasi, akairudisha mfukoni, akanigeukia tuendelee na fomu ya likizo.

Yote yalichukua muda mfupi kuliko ule tuliopoteza kwenye nywila.

Nikamuuliza nani mwingine anayo karatasi kama ile. Hakuna, akasema, wananipigia tu. Madereva? Madereva, walinzi, na watu wa ofisini pia wakikwama usiku.

Pale ndipo nilipokumbuka jambo nililolisoma zamani bila kulitilia maanani. Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake mwaka 1989 kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, lile lililokuja kuzaa wavuti, hoja yake ilikuwa kwamba watu huja na kuondoka na maarifa yao hupotea nao. Na moja ya vitu vya kwanza vilivyowavuta wafanyakazi wa CERN waitumie wavuti ilikuwa orodha ya simu ya pale kazini. Mtu anataka kujua ampigie nani. Nilipokwenda mbele ya uongozi nilianza na hilo, kisha nikawaonyesha picha ya karatasi, namba zikiwa zimefichwa, kwa idhini ya mwenyewe.

Ujenzi wenyewe nitaupitia haraka. Ukurasa wa mwanzo ukawa orodha ya shida, kwa maneno ya mama yule, kisha ratiba ya zamu, kisha fomu. Mfanyakazi aliingia kwa namba yake ya kazi kupitia simu yake mwenyewe, bila kuhitaji barua pepe. Kila ukurasa uliandikwa jina la anayeutunza na tarehe aliyoukagua mwisho, na usiokaguliwa uliondolewa. Tulifuta mafaili mengi kuliko tuliyohamisha. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nani aitunze orodha ya simu. Rasilimali Watu waliitaka, wakisema karani wa ghala hawezi kuwa msimamizi wa ukurasa wa kampuni nzima. Nilishikilia kwamba anaweza, kwa kuwa kazi hiyo alikuwa anaifanya miaka yote. Akapewa.

Watu waliutumia. Madereva waliufungua wakiwa njiani, na dawati la msaada likaacha kuulizwa habari za fomu.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi ghalani. Nikamuuliza hali ya simu za usiku.

"Zimepungua sana. Namaliza hesabu zangu bila kukatizwa." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Lakini zamani mtu akinipigia kuulizia namba, nilikuwa najua pia kwamba kalala njiani, au mtoto wake anaumwa. Sasa anapata namba, basi."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la uhakika. Najua dereva hapaswi kukwama usiku kwa sababu mtu mmoja amechukua likizo, na kabla ya hapo walikuwa wanakwama. Hilo nitalitetea popote. Lakini kwenye andiko la mradi tuliandika kwamba tunataka wafanyakazi wawe karibu zaidi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaweka karibu, kupitia simu zilezile tulizozipunguza. Hakuna ripoti yetu iliyoonyesha kilichopungua, maana hakuna mtu aliyewahi kukihesabu.

Nilipendekeza namba ya mezani kwake iwekwe juu kabisa ya ukurasa, juu ya shida zote. Kikaoni nikaulizwa ni namba ya shida gani. Nikajibu ni ya mtu asiyejua shida yake iko wapi kwenye orodha. Wengine walitaka ifutwe kwa kuwa haina kitengo, wengine wakasema ijaribiwe. Mwenyewe alipoulizwa alikubali kwa sharti moja: muda wa kupokea simu hizo uingizwe kwenye majukumu yake na ulipwe. Ilibidi niandike barua zaidi ya moja. Uliingizwa.