Njia ya kuondokea

“Basi usije kulia.” Tangu Jumatatu maneno haya yananizunguka kichwani. Meneja mpya kaingia ofisini, mjomba kafanyiwa operesheni pale hospitali ya Bombo na anaendelea vizuri, alhamdulillah, lakini mimi nikikaa tu namwona wifi na ungo wake wa mchele.

Mnamjua wifi. Anampenda binti huyu tuliyekabidhiwa na ustawi wa jamii tumlee. Ndiye aliyemsuka siku alipoletwa kwetu. Ndiyo maana kauli yake imenichoma. Binti tulimtuma dukani akalete hiliki, nikamwambia wifi kuwa Jumamosi tunampeleka Pangani kwa bibi yake mzaa mama. Akaacha kuchambua.

“Ana haja gani kule? Mtoto wa miaka minane! Unampa njia ya kuondokea.”

“Njia ni yake, wifi.”

“Basi usije kulia.”

Akarudi kwenye ungo, akitoa vijiwe na kuvipanga ukingoni.

Usiku nimemjibu moyoni mara chungu nzima. Kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Kwamba baba watoto alikataa tangu mwanzo kuligusa jina la baba mzazi wa binti, maana Surat Al-Ahzab aya ya 5 inasema waitwe kwa baba zao. Sasa jina tumwachie, wenye jina tuwafiche?

Na kulia nitalia, kwani nani kasema mlezi halii? Kinachoniuma ni kwamba mtoto akishakabidhiwa kwako, unabaki na barua ya ustawi wa jamii na dua zako. Juzi kwenye dirisha moja nikadaiwa cheti cha kuzaliwa chenye jina langu. Litoke wapi? Mimi ni mlezi wa kambo, nimekabidhiwa kumlea tu, sijamuasili, yaani kumfanya mwanangu kisheria. Kuasili ni mpaka amri ya mahakama. Nikalazimika kuyaeleza yote hayo foleni nzima ikisikiliza, mtoto kanishika mkono. Walezi tungekuwa na mahali pa kukutana na afisa ustawi, tukaulizana mwenzangu ulifanyaje, nusu ya mzigo ingeshuka.

Jana tukaenda. Bibi alitoka na kanga mbili, akamshika kidevu, akamgeuza kichwa taratibu. Mbele ya sikio la kushoto binti ana kishimo kidogo, kama alama ya sindano. Daktari aliwahi kuniuliza kama kwao wapo wengine wenye nacho, nami sikuwa na la kumjibu. Bibi akafunua kanga, akaonyesha sikio lake.

“Na mama yako alikuwa nacho, mjukuu wangu.”

Basi binti akawa hakai! Akazunguka uani kukagua masikio ya binamu zake mmoja mmoja, akapata mwingine mwenye nacho, wakashikana mikono mpaka tulipoitwa kula. Sijamwona akicheka vile tangu aje kwetu. Kwenye Hiace akaniuliza, “Mama, tutarudi lini?” Nikamwambia likizo ijayo, inshallah, na nikajikuta nahesabu wiki pamoja naye.

Wifi sijamsimulia bado, leo yuko shughulini Makorora. Halafu tangi la juu linavuja, unyevu umeteremka ukutani jikoni mpaka karibu na swichi, na fundi tangu asubuhi ananiambia “nakuja, mama”.