Tulivyokubaliana majirani kupima ng'ombe kifua kikuu kwa pamoja

Kifua kikuu cha ng'ombe hakiji na kelele. Ng'ombe anaweza kukaa nacho miaka, anakula vizuri, maziwa anatoa, na huku anawaambukiza wenzake zizini kwa pumzi. Kukonda na kikohozi kisichokoma huja mwishoni, wakati madhara yameshaenea. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kutoka machinjioni kwamba tezi za ng'ombe niliyemuuza, zilipopasuliwa, zilikuwa na vivimbe vyenye uchafu mkavu wa manjano, sikuwa na shaka kwamba wapo wengine, kwangu na kwa majirani tunaotumia malisho na maji mamoja.

Mkaguzi wa nyama alinipata kwa namba ya hereni ya sikioni tu. Baadaye ofisa mifugo alitueleza kwamba Australia, iliyoanza kampeni ya nchi nzima mwaka 1970 na kutangazwa huru mwaka 1997, ilitegemea sana njia hiyohiyo: kinachokutwa machinjioni kinafuatiliwa kwa lebo ya mnyama hadi shamba alikotoka.

Kazi ilikuwa kuwashawishi majirani. Wote walijua kwamba ng'ombe akikutwa nacho anachinjwa, kwani kumtibu hakushauriwi: dozi ni ya muda mrefu, haina uhakika, na inaweza kuzaa usugu wa dawa. Mzee mmoja alisema, "Daktari, ng'ombe wangu ananawiri hivi, leo unataka nimtoe akachinjwe?" Daktari wetu wa mifugo hakubishana naye. Alimuuliza tu, "Mzee wangu, wajukuu wanakunywa maziwa ya nani?" Kisha akaeleza kwamba ugonjwa huu humpata binadamu pia, hasa kwa maziwa yasiyochemshwa, na kwamba bakteria wake, Mycobacterium bovis, kwa asili hasikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Mzee alinyamaza kidogo, akauliza tutaanza lini.

Ofisi ya mifugo niliiomba jambo moja, na nililing'ang'ania: fidia ijulikane kabla ya sindano. Mfugaji asiyejua atalipwa nini atamhamisha ng'ombe wake usiku, na ugonjwa utahama naye. Ofisa alikuja kikaoni na makadirio ya maandishi kwa umri na aina ya ng'ombe. Nasi tukaahidi kwamba mashamba yote yatapimwa kwa mpigo, majibu yatasomwa hadharani, na hakuna atakayeuza wala kununua mpaka hapo.

Kipimo chenyewe kinataka subira. Daktari alinyoa sehemu mbili shingoni, akashika kunjo la ngozi kwa vidole na kupima unene wake kwa milimita. Kisha akadunga tuberkulini mbili, yaani dawa za kupimia zinazotokana na bakteria: moja ya kifua kikuu cha ndege, nyingine ya kile cha ng'ombe. Ile ya ndege ni ya kulinganishia, kwa sababu bakteria wengine wa jamii hiyo huweza kuvimbisha ngozi bila kifua kikuu kuwepo. Baada ya saa 72 alirudi kupima palepale. Uvimbe wa upande wa ng'ombe ukizidi ule wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, mnyama ameambukizwa. Kati ya milimita 1 na 4, haijulikani, anatengwa na kupimwa tena.

Ng'ombe wangu bora wa maziwa alikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Nilimpapasa ule uvimbe mgumu, huku yeye akiendelea kutafuna majani, na roho iliniuma sana. Lakini jirani zangu walikuwa wamesimama pale wakitazama, na ningeomba aachwe, hakuna ambaye angetoa wake.

Fidia ilichelewa, na hilo nililalamikia kwa haki, maana liliwatia wasiwasi waliokuwa wameshaamini. Ilipofika, zoezi la pili lilikwenda kwa urahisi zaidi. Kati ya vipimo panaachwa siku 60 hivi, kwa sababu ngozi iliyodungwa karibuni haitoi jibu la kuaminika.

Sasa kundi letu limepita vipimo viwili mfululizo bila mgonjwa na zuio la kuuza limeondolewa. Mgeni yeyote anayenunuliwa anakaa zizi la peke yake mpaka apimwe. Kinachobaki ni pale kwenye maji, ambako wanyamapori nao hunywa. Tumekubaliana kuweka uzio na mabirika ya juu, na daktari ameshachora yatakapokaa.