Mama na masharti yake

Mama yangu ana miaka 76, yuko Muheza, na sukari anayo tangu mimi niko sekondari. Nyumba yake haina njaa: michungwa ipo, mihogo ipo, kuku wanaingia hadi sebuleni. Kwa hiyo aliponilalamikia kwamba sketi zote zinamteremka, sikuuliza kama kuna chakula. Nilikaa naye jikoni kutwa nione kinachoingia mdomoni.

Asubuhi chai ya rangi bila sukari na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mchana mchicha wa kuchemsha, hauna mafuta wala nazi, na ugali kiasi cha ngumi ya mtoto. Usiku uji mwepesi, basi. Mayai je? Jirani kasema yana kolesteroli. Maharage yanajaza gesi. Samaki ana miba, na mama meno ya juu hana. Nazi inapandisha presha.

Kliniki walimwambia apunguze wanga na chumvi tu. Hayo mengine ni nyongeza ya wenzake wa jumuiya, ya redio na ya vikundi vya WhatsApp. Kila anayepita anaacha katazo lake, hakuna anayesema sasa mama ale nini.

Nikachukua futi yake ya kushonea nikampima shavu la mguu, pale penye unene zaidi. Sentimita 29. Kuna dodoso la lishe ya wazee ambalo, mzani ukikosekana, linatumia kipimo hicho: chini ya 31 ni ishara kwamba nyama za mwili zinapungua.

“Uzee huo, mwanangu.”

Hapana, mama. Mzee hukonda kwa kutokula pia. Tena mwili wake unahitaji protini kuliko wa kijana ili misuli isiishe: walau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Yeye ana kilo 52, na ile mihogo na mchicha havimfikishi hata nusu ya gramu 52. Yai moja lina kama gramu 6. (Mwenye figo mbovu hesabu yake ni nyingine, kwa hiyo za mama zilipimwa kwanza.) Niliomba pia wamwangalie vitamini B12, kwa sababu metformini, ile dawa ya sukari, ikitumika miaka mingi huipunguza mwilini, na mbogamboga hazina. Ganzi ya miguu tunaisingizia sukari kila siku, kumbe inaweza kutoka huko pia.

Sasa dagaa wanakaangwa kavu, wanatwangwa hadi unga, wanamwagwa kwenye mchicha uliotiwa tui kidogo. Havitaki meno. Maharage yanalala kwenye maji, asubuhi maji yanamwagwa, yakiiva yanapondwa. Uji unawekwa karanga za kusaga. Na mjukuu wake akitoka shule anakula naye sahani moja, jambo ambalo naona limefanya kazi kuliko hesabu zangu zote za gramu, maana mama akila peke yake huchokonoa tu, kisha anafunika.

Yai amekubali, ila analila jirani akiwa hayupo. Meno ya bandia bado tunabishana. Anasema bei yake ni ya mbuzi wawili, na mbuzi angalau wanazaa.