Nilivyookoa manzuki yangu na moto wa kiangazi Sikonge

Mtu akikwambia ukifyeka mkanda wa kuzuia moto kuzunguka mizinga umemaliza kazi, usimsikilize. Manzuki yangu, yaani mahali ninapofugia nyuki, ipo kwenye misitu ya miombo ya Sikonge, mkoani Tabora, na ushauri huo nimepewa mara nyingi, hata na watu wenye vyeti. Mwezi wa tisa nyasi zinavunjika zenyewe mkononi, na upepo wa mchana unarusha magome yanayowaka hadi ng'ambo ya mkanda.

Kinachosaidia ni kuchoma mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na ubichi. Moto wa wakati huo hutambaa chini na kufa jioni umande ukianza kushuka. Sisi tulichoma pande zote isipokuwa mashariki, kwa jirani, maana alikataa. Na kiangazi upepo wetu unatoka huko huko.

Moto ukaja alasiri. Huku huanza na mwenge wa mrina asali, au mtu anayesafisha shamba jipya la tumbaku. Vijana walitaka kuufuata wakaupige kwa matawi mabichi, nikawazuia. Moto unaokuja na upepo, mwali umempita mtu kimo, haupigwi na tawi. Tukarudi kwenye njia ya baiskeli, tukaikwangua kwa majembe ikabaki udongo mtupu, watu wakajipanga nyuma yake na madumu ya maji. Kisha nikawasha nyasi za upande ule moto unakotoka, nikitembea na mstari.

Moto wetu ulikwenda taratibu, unapingana na upepo, hauvuki goti. Mzee mmoja akapiga kelele, "Mwanangu, unatumaliza!" Nikamwambia, "Subiri, baba." Ule mkubwa ulipokaribia ukaanza kuvuta hewa, na wetu ukainuka ghafla ukaukimbilia. Ilipokutana ilinguruma kama treni inayoingia stesheni ya Tabora, kisha ikakosa cha kula. Cheche zilizovuka zilizimwa na akina mama. Nilijivunia sana siku ile, na bado najivunia. Ila usithubutu ukiwa peke yako, wala bila njia iliyokwanguliwa.

Watu wa kitongoji cha ng'ambo ya mbuga hawakuwahi kuuzuia. Mizinga ya magome iliteketea, mabani ya kukaushia tumbaku yakaungua, na nyasi walizotegemea kuezekea kabla ya mvua zikaisha. Machipukizi ya miti ya mitundu yalibabuka, maua hayakuonekana, na makundi ya nyuki yaliyonusurika yakahama. Familia zilizolipa ada za shule kwa asali ziliuza mbuzi.

Kwangu gharama ilikuwa unga, maharage na togwa ya watu wale, elfu hamsini na kitu. Siku hizi tunaanzia kuchoma shambani kwa jirani, kwa ridhaa yake. Tunawaarifu kwanza mwenyekiti wa kijiji na ofisa misitu, kwa sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kuwasha moto porini kiholela, na tunachoma asubuhi upepo ukiwa umelala.