Kichwa kinauma? Hapana mzee, niko fresh

Mimi ni mtu wa kukimbia. Nusu marathon, kilomita 21, naimaliza kwa saa moja na dakika 38, na kama umewahi kukaa na mimi zaidi ya robo saa hiyo namba unaijua tayari maana nilikuwa nahakikisha inaingia kwenye maongezi hata kama tuko msibani. Sasa vijana wa kanisani walivyopanga kwenda kupanda Kilimanjaro, jumla tukawa watu kumi na moja na mama mmoja wa kwaya aliyesema na yeye ni kijana, mimi nilishajihesabu nimefika kileleni kabla basi halijatoka Dar.

Basi, Chalinze, Korogwe, Same, Moshi tumeingia giza, mlima umejifunika mawingu hatukuuona. Kesho yake geti la Marangu, tunaandikishwa, wapagazi wanapima mizigo, safari ikaanza. Njia ya Marangu raha yake unalala kwenye vibanda, hakuna mambo ya mahema. Siku ya kwanza ni msitu mpaka Mandara, mita 2,720, na mimi niliwaacha wote. Guide wetu, mzee wa makamo asiyeongea sana, alikuwa anasema pole pole tangu getini, mimi nikajua hayo anawaambia wenzangu. Nikafika Mandara nikakaa kwenye ngazi ya kibanda nawasubiri, saa mkononi. Yule mama kaja wa mwisho kabisa anaimba zake taratibu. Mzee alivyonipita akaniambia, kijana, huku hakuna medali ya kufika Mandara. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Siku ya pili Horombo, mita 3,720, na hapo ndo kichwa kikaanza kuuma, nyuma ya macho, kama mtu anakaza nati. Kila jioni mzee anapita na maswali yake yale yale, umekula, umelala, kichwa kinauma, unasikia kutapika, alafu anakubana kile kipimo cha oksijeni kidoleni. Mama wa kwaya akasema kinaniuma kidogo baba, basi akaambiwa anywe maji mengi na kesho atembee nyuma na guide msaidizi. Mimi kufika kwangu nikaangalia yule mama, nikaangalia ile nyuma anayopelekwa, nikasema niko fresh mzee.

Na usiku huohuo ilikuwa zamu yangu kutoa neno! Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, Wakorintho wa pili sura ya 12, mwiba wa Paulo, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu". Nikahubiri udhaifu dakika ishirini huku kichwa kinagonga. Kibaya zaidi ni kwamba nilihubiri vizuri, dada mmoja alilia. Walivyolala nikatafuta panadol kwa tochi ya simu, nimeikinga na mkono mwanga usiamshe mtu.

Siku ya tatu hatukusogea kambi, tulipanda kidogo mpaka Zebra Rocks, yale mawe yenye mistari, tukarudi Horombo kulala ili mwili uzoee. Nikapata nafuu kidogo na ile nafuu ndo ikaniharibu kabisa, nikateremka nakimbia. Kesho yake ni lile jangwa katikati ya Mawenzi na Kibo, vile vilele viwili vya mlima, upepo tu na mawe, na hamu ya kula ilishaondoka, wali wangu nilikuwa napakulia wenzangu najifanya mkarimu. Kibo Hut, mita 4,720, kipimo kikasoma oksijeni asilimia 71, iko chini. Nikasema vidole vina baridi mzee. Akavisugua kwenye viganja vyake, akapima tena, 74. Akaniangalia muda kidogo akauliza kichwa je? Nikasema fresh. Akasema haya.

Saa sita usiku tukaondoka kwenda kileleni, mstari mmoja, taa za kichwani, kokoto zinazokurudisha nusu ya kila hatua. Baridi ile sitaki hata kuielezea. Tukapumzika kwenye pango la Hans Meyer, kama mita 5,150 hivi, na mzee akatuambia huyo mwenye pango, Mjerumani, alikuja 1887 mlima ukamshinda akarudi kwao, akaja kufika kileleni 1889. Akaongeza na wenyeji waliombebea hawakupewa pango. Mimi nasikia sauti kwa mbali. Kusimama nikayumba, nikamshika mtu wa mbele, nikasema nimeteleza.

Mzee akaja akachora mstari kwa fimbo chini akaniambia tembea hapo, kisigino kiguse kidole. Mstari wa hatua tano. Nilishindwa hatua ya pili, nimekwenda pembeni kama mlevi alafu nikapiga magoti nikatapika. Watu wote taa zao zimenimulika.

Akaniuliza tangu lini?

Nikasema tangu Horombo.

Hakunigombeza na bora angenigombeza. Alisema tu ungesema kule ningekupa siku moja ya kupumzika, hapa dawa ni kushuka. Akamtoa guide msaidizi mmoja anishushe, kijana mdogo kwangu sana, akabeba begi langu kifuani na la kwake mgongoni na mkono wangu begani kwake. Nikaomba njia nzima. Sio zile sala zangu za mpangilio, ilikuwa Bwana nisianguke, Bwana nisianguke, na sikumaanisha kiroho, nilimaanisha mguu wa kushoto.

Tulivyozidi kushuka kichwa kikaanza kufunguka kama mtu kawasha taa. Yule kijana akanieleza wakimbiaji ndo wanamsumbua kuliko wote, mapafu yanawaruhusu kwenda haraka wakati damu bado haijazoea hewa nyepesi, na pale juu kabisa oksijeni unayoipata kila pumzi ni kama nusu ya ile ya pwani. Mwili unataka siku, na siku huwezi kuzikimbia. Mimi mazoezi yangu yote ni ufukweni, usawa wa bahari!

Ila kuna kitu nilikuja kukijua mchana wenzangu waliporudi, na hiki ndo bado kinaniuma. Kwa sababu yangu waongozaji walibaki pungufu. Dada mmoja alipofika Gilman's Point, mita 5,685, pale ukingoni kabla ya kilele chenyewe, mwenzake akazidiwa, na mtu wa kugawanyika hayupo tena, ikabidi wote wawili warudishwe pamoja. Yeye alikuwa mzima kabisa, ana nguvu zake. Ni yule yule aliyelia kwenye mahubiri yangu. Nikamfuata Horombo nikamwambia ukweli wote, panadol, wali, vidole vya baridi. Alikuwa anafungua kamba za buti. Akasema nimesikia kaka, akaendelea na kamba zake. Nilisimama pale nikisubiri kitu kingine na hakikuja, nikaondoka.

Mama wa kwaya alifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, saa mbili kasoro asubuhi. Alinisimulia bila mbwembwe, akasema baba mimi nilikuwa nahesabu hatua kumi alafu naomba kupumzika, hatua kumi naomba tena, yaani neno pumzika nimelisema mpaka nikaona aibu alafu aibu ikaisha.

Jioni mzee akapita na kipimo chake kama kawaida, akaniuliza kama hajui lolote, umekula? Kidogo. Kichwa? Kinauma bado, mzee, sio sana, upande wa kulia. Kutapika? Mara moja njiani. Nikamwambia na goti la kushoto linaniuma, lina miaka miwili sasa, sijawahi kumwambia mtu.

Goti hakuwa ameniuliza.